UZI: Chaki ya behewa la mtoto siyo adui. Adui ni ile chaki ya mende uliyoiweka juu ya kabati

SEHEMU YA 1

Mama zangu, dada zangu, na nyie wadogo zangu mnaolea mtoto wa kwanza, leo sizungumzii homa wala chanjo. Leo nazungumzia chaki. Najua kuna watakaosema nesi kakosa cha kuandika. Sawa. Soma mpaka mwisho, halafu nyanyuka ukaangalie juu ya kabati la jikoni kwako.

Wiki kadhaa zilizopita nilikuwa zamu ya usiku wodi ya watoto. Akaletwa mtoto wa kiume wa miaka mitano. (Nimebadilisha mambo madogo madogo ili asitambulike. Mama yake ameniruhusu kuandika, tena yeye ndiye aliyesema, "Sista, waambie na wenzangu.") Mtoto anatokwa mate mengi, ametapika njiani, mikono inatetemeka. Hana joto. Kipimo cha malaria kimetoka hana. Tukiwa bado tunamweka dripu, akaanza degedege mbele ya macho yetu.

Mama anaulizwa, amekula nini? "Ugali na mboga, tumekula wote." Amekunywa nini? "Maji tu." Amecheza wapi? "Uani, hajatoka nje ya geti." Unajua maswali yetu yalivyo, tunauliza mara tatu tatu mpaka mzazi anahisi tunamtuhumu. Siyo hivyo. Tunatafuta.

Aliyetujibu ni dada yake wa miaka tisa. Walikuja naye kwa sababu hakukuwa na wa kumwachia. Alikuwa amekaa chini pembeni ya mlango, hakuna aliyekuwa anamwangalia. Akasema kwa sauti ndogo, "Alikuwa anaandika behewa."

Anaandika na nini?

"Chaki."

Mama akapumua kidogo, akasema, chaki ya shule haina shida. Mtoto akatikisa kichwa. "Siyo ya shule. Ile ya mende."

SEHEMU YA 2

Sasa niwaeleze hilo behewa, maana bila kulielewa hamtaelewa kwa nini nina hasira.

Babu wa huyu mtoto alifanya kazi reli miaka mingi, pale Tabora, reli ya kati inapogawanyika. Treni ya mizigo ikitoka Dar, behewa hili linakwenda Mwanza, hili linakwenda Kigoma, lile linasubiri. Babu amemsimulia mjukuu wake jinsi walivyokuwa wanatembea kando ya mabehewa na chaki mfukoni, wanaandika alama ubavuni: linakwenda wapi, limekaguliwa au bado, hili bovu lisiunganishwe. Haraka haraka, herufi mbili tatu, mstari, mduara. Anayekuja nyuma yake anasoma anajua la kufanya.

Mtoto akaipenda hiyo hadithi kuliko katuni. Akatengeneza mabehewa ya maboksi ya dawa ya meno na ya majani ya chai, magurudumu ya vizibo vya soda, kamba ya kuunganishia. Babu akamwonyesha alama zilivyokuwa. MZA, maana yake Mwanza. KGM, Kigoma. Msalaba, bovu.

Lakini boksi la dawa ya meno ni dogo, na chaki ni nene. Ukiandika MZA kwa chaki nene kwenye boksi dogo, herufi moja inajaza ubavu mzima. Mtoto alitaka zifanane na za babu, yaani ndogo na pembeni kidogo. Alifanyaje? Alichonga ncha ya chaki kwa meno. Na kwa sababu chaki kavu haionekani vizuri kwenye boksi linaloteleza, akawa anailamba kwanza ndiyo anaandika, maana chaki iliyoloa inakolea zaidi. Kila mwalimu anajua hilo. Kila aliyewahi kuwa mtoto anajua hilo.

Mabehewa sita, pande mbili mbili. Hesabu mwenyewe alilamba mara ngapi.

Hakuwa mtundu wala mkaidi. Alikuwa anafanya kazi yake vizuri. Kosa lilikuwa kwamba chaki ya shule ilikuwa imeisha, na nyumbani kulikuwa na nyingine nyeupe, ya umbo lile lile, kwenye pakiti iliyofunguliwa, juu ya ndoo ya unga.

SEHEMU YA 3

Chaki ya ubaoni imetengenezwa kwa jasi au chokaa iliyosagwa. Mtoto akimeza kipande kidogo, mara nyingi itapita. Hatari zake ni mbili: mtoto mdogo anaweza kupaliwa na kipande, na vumbi lake linaweza kumsumbua mwenye pumu. Basi.

Chaki ya mende ni kitu kingine kabisa kilichovaa nguo ya chaki. Ndani yake kuna sumu ya wadudu. Nyingi zina kemikali za kundi la pairethroidi, kama deltamethrini au sipemethrini. Hizi ni ndugu wa kutengenezwa kiwandani wa ile dawa inayotoka kwenye maua ya pareto, yanayolimwa hapa kwetu nyanda za juu kusini. Zinamvuruga mdudu mishipa ya fahamu, anatetemeka, anapooza, anakufa. Mwili wa binadamu unazihimili zaidi kuliko wa mdudu, ni kweli. Lakini mtoto mwenye kilo 15 anayelamba kitu ambacho hakijaandikwa kina kiasi gani cha sumu siyo jambo la kubahatisha. Akipata nyingi, mishipa yake nayo inavurugika: mate yanamtoka, anatapika, tumbo linauma, anatetemeka, anapata degedege, anapoteza fahamu. Na hatuna dawa maalum ya kuifuta sumu hiyo mwilini. Tunachofanya ni kudhibiti degedege, kulinda upumuaji na kusubiri mwili uiondoe wenyewe. Huko kusubiri mkisikie hivi hivi.

Pakiti ambayo baba wa mtoto aliileta asubuhi ilikuwa na picha ya mende na maandishi ambayo mimi, daktari na baba mwenyewe hatukuweza kuyasoma. Hakuna neno hata moja la Kiswahili. Hakuna kiasi cha sumu. Hakuna "weka mbali na watoto".

Marekani, mamlaka yao ya mazingira imeshasema wazi kwamba chaki hizi ni haramu kuuzwa kule, na sababu mojawapo ni hiyo hiyo: mtoto anaiona, anadhani ni chaki. Hapa kwetu sheria inataka kiuatilifu kisajiliwe kabla ya kuuzwa, na msimamizi ni TPHPA, Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Jiulize tu: ile uliyonunua stendi, au aliyokupitishia muuzaji mlangoni, uliona namba ya usajili? Mimi sikuangalia.

Ndiyo, mimi. Twende sehemu inayofuata.

SEHEMU YA 4

Nilitoka zamu saa moja na nusu asubuhi. Nikafika nyumbani, sikuvua hata viatu, nikaenda moja kwa moja jikoni. Juu ya kabati, nyuma ya kopo la chumvi, pakiti ile ile. Imefunguliwa, imebaki kimoja. Na kwenye kona ya sakafu kuna mstari mweupe niliouchora mwenyewe kwa mkono wangu, mkono wa nesi mwenye diploma, sentimita chache kutoka pale mwanangu wa mwaka mmoja na nusu anapotambaa na kunyonya vidole.

Kwa hiyo siandiki nikiwa juu ya mti. Tuko wote chini.

Ila kilichonikera siku hiyo siyo chaki tu. Ni maneno yaliyosemwa kitandani kwa yule mtoto. Ndugu walikuja kumwona, wakajaa. Shangazi mmoja akasema, "Nilisema mimi, haya makaratasi anayochezea ni uchafu. Yachomwe. Na chaki asiguse tena." Mwingine akaongeza, "Mpeni simu, atatulia."

Mpeni simu, atatulia! Yaani sumu tumeileta sisi, tumeiacha wazi sisi, halafu anayeadhibiwa ni mtoto na treni yake. Hakuna hata mmoja pale aliyesema, "Ile pakiti iko wapi, itoke ndani ya nyumba." Wote walikuwa na hasira na boksi la dawa ya meno.

Hapo ndipo ninapobishana nanyi, mama zangu. Tuna tabia hii. Mtoto akiungua uji, tunamkataza kuingia jikoni, sufuria linabaki pale pale ukingoni. Mtoto akinywa mafuta ya taa kwenye chupa ya soda, tunasema "mtoto huyu anapenda soda sana". Tunamwondoa mtoto kwenye maisha badala ya kuondoa sumu kwenye njia ya mtoto. Halafu tunaita malezi.

SEHEMU YA 5

Niwaambie huyo mtoto alikuwa anafanya nini hasa, kwa macho ya mtu wa afya.

Kushika kitu chembamba kwa vidole vitatu na kuandika herufi ndogo ni mazoezi ya misuli ya mkono. Ndiyo hayo hayo ya kufunga kifungo, kushika kijiko, kushika kalamu darasa la kwanza. Kukumbuka kwamba MZA ni Mwanza na KGM ni Kigoma ni kusoma. Kupanga behewa la Kigoma lisichanganyike na la Mwanza ni hesabu. Kumuuliza babu "na hii alama ilikuwa ya nini?" ni lugha, na ni babu kupata mtu wa kuongea naye.

Linganisha na simu. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019 kwa watoto chini ya miaka 5: chini ya mwaka mmoja, skrini hapana kabisa, mwenye mwaka mmoja, haishauriwi, kuanzia miwili hadi minne, isizidi saa moja kwa siku, na ikipungua ni heri. Sasa nyie mnaosema "mpeni simu atatulia", mnataka kumponya na nini?

Na msidhani ni mchezo wa watoto maskini wasio na midoli. Kuna watu wazima Marekani, wengine wastaafu wenye mvi, wanajenga treni ndogo za mfano ndani ya nyumba zao. Kipimo wanachokipenda wengi ni 1 kwa 87. Behewa la kweli la mita 12 linakuwa na urefu wa kama sentimita 14, karibu sawa na boksi la dawa ya meno. Na wakishalimaliza hawalipendi likiwa jipya jipya. Wanalichakaza. Wanalipaka kutu ya rangi na vumbi la barabara, halafu wanaliandika alama za chaki ubavuni, kwa sababu mabehewa ya kweli kule yaliandikwa hivyo hivyo na wafanyakazi wa reli: njia namba ngapi, tarehe, linakwenda wapi. Wengine walichora na picha. Kuna mchoro maarufu kule unaoitwa Bozo Texino, kichwa cha mtu mwenye kofia pana. Kuna mwingine wa Herby, mtu aliyelala chini ya mnazi. Michoro hiyo ilizunguka nchi nzima ubavuni mwa mabehewa, na leo watu wazima wanainakili kwa ncha nyembamba kwenye treni za mezani.

Na wanakutana na tatizo lile lile la mtoto wetu: chaki ni nene mno. Herufi ya sentimita 15 kwenye behewa la kweli inakuwa chini ya milimita mbili kwenye la mfano. Wao wanatumia penseli nyeupe iliyochongwa vizuri. Mtoto wetu hakuwa na penseli nyeupe, akatumia meno.

Mzee wa Marekani anaitwa fundi. Wa kwetu anaitwa mchafu. Kwa nini?

SEHEMU YA 6

Najua mtakayoyaandika hapo chini, ngoja niyajibu mapema.

"Nesi, mbona hata neti ina dawa hiyo hiyo?" Swali zuri, na naomba mtu asitoke hapa akaenda kuvua neti. Neti zenye dawa nazo zinatumia kundi hilo la pairethroidi. Lakini dawa ya neti imewekwa kwenye uzi, kwa kiasi kilichopimwa, na neti zenyewe zimekaguliwa kabla hazijagawiwa. Mtoto analala chini yake, haichongi kwa meno. Chaki ni sumu inayobaki unga kwenye vidole na sakafuni, bila kipimo chochote. Neti ibaki, chaki itoke.

"Tumetumia miaka yote na hakuna aliyekufa." Na wangapi walitapika ukasema ni tumbo? Wangapi walipata degedege ukaambiwa ni la homa, au ukaenda kwa mtaalamu ukaambiwa kuna mkono wa mtu? Bila yule dada wa miaka tisa pembeni ya mlango, na sisi tusingejua.

"Mimi naficha." Mimi pia nilificha, nyuma ya kopo la chumvi. Na hata ukiificha pakiti, ule mstari uliouchora sakafuni umeuficha wapi?

"Mende je, tuwaache?" Hapana. Mende naye analeta uchafu na anaamsha pumu. Lakini mende anafuata chakula na maji. Funika chakula usiku, usilaze vyombo vichafu, toa takataka kabla ya kulala, kausha sinki na chini ya mtungi wa maji, ziba nyufa ukutani. Tumia mitego ya gundi, iweke nyuma ya kabati ambapo mkono wa mtoto haufiki. Ukilazimika kutumia dawa, nunua duka la pembejeo au duka linaloeleweka, yenye maelezo ya Kiswahili na namba ya usajili, na ufuate maelezo yake.

"Kila kitu mama, mama, mama." Hapa nakubaliana na wewe asilimia mia. Yule mtoto, chaki ilinunuliwa na baba. Baba unayesoma uzi huu kwa sababu mkeo amekutumia: na wewe nyanyuka, kabati ni la wote.

SEHEMU YA 7

Sasa tumwachie mtoto treni yake. Fanya hivi, haina gharama:

Behewa. Boksi la dawa ya meno, la majani ya chai, la sabuni. Ligeuze ndani nje, ule upande wa karatasi usiong'aa ndio unaoshika chaki. Hapo hahitaji kulamba kitu.

Rangi. Chaki nyeupe inaonekana kwenye rangi ya giza. Saga mkaa wa kuni, changanya na maji na uji mwepesi wa unga wa ngano, paka, acha likauke. Usitumie unga mweusi wa betri kuukuu. Najua wengi tuliona ubao wa shule ukipakwa hivyo, lakini ndani ya betri kuna madini ambayo hayafai mikononi wala mdomoni mwa mtoto. Na usimpe rangi ya mafuta iliyobaki kwenye kopo la kupakia geti, rangi nyingine zina risasi, na risasi inaharibu ubongo wa mtoto taratibu bila kelele.

Uchakavu. Hapa watoto wanafurahi sana. Chukua udongo mwekundu mkavu, sugua na kitambaa chini ya behewa na kwenye pembe. Litaonekana limetoka safari ya mbali. Babu atalipenda.

Alama. Chaki ya ubaoni, iliyotoka duka la vifaa vya shule, kwenye boksi lake. Ncha ichongwe kwa kusugua kwenye saruji au jiwe, siyo kwa meno. Akitaka ikolee, achovye kwenye kizibo chenye maji. Mwambie waziwazi: chaki haiingii mdomoni, hata ile nzuri. Kama unaweza kupata penseli nyeupe, hiyo ndiyo bora kwa herufi ndogo, na haina vumbi.

Wapi aandike. Pembeni, chini kidogo, kama mtu aliyesimama kando ya reli angefika kwa mkono. Asiandike katikati kama bango la duka. Hilo nimefundishwa na yule babu.

Usipulize chochote juu ili alama isifutike. Watu wazima wanatumia dawa za kupuliza, lakini mvuke wake haufai kwa mtoto, na dawa ya nywele ndiyo usithubutu. Acha ifutike. Hata kule reli chaki ilifutwa na mvua, mtu akaandika tena.

Aliye chini ya miaka 3: hapana vizibo, hapana vipande vidogo vya chaki. Anapaliwa. Yeye avute boksi kubwa kwa kamba na wewe ukiwa karibu, kamba iwe fupi isimzunguke shingo. Mwenye pumu atumie penseli.

Akimaliza, mikono kwa sabuni kabla ya kula.

SEHEMU YA 8

Hii sehemu ihifadhi, piga picha, weka kwenye simu. Mtoto akila au akilamba chaki ya mende, au sumu yoyote:

Usimtapishe. Usiingize kidole kooni. Matapishi yakienda kwenye mapafu tunakuwa na matatizo mawili.

Usimpe maziwa. Usimpe mafuta ya kula. Najua bibi alisema, na bibi tunamheshimu, lakini maziwa hayaondoi sumu hii, na mtoto aliyelegea anapaliwa nayo. Mama wa yule mtoto alimpa kikombe kizima kabla ya kuja, kikatoka chote na kukohoa juu. Alifanya kwa mapenzi, simlaumu. Ila wewe sasa unajua.

Usimpe mkaa wa jikoni. Mkaa unaotumika hospitali ni mwingine, na tunaamua sisi nani apewe.

Mtoe chaki mdomoni, mfute. Kama ni mzima na anaelewa, asukutue na kutema. Mvue nguo zenye unga, muoshe mikono, uso na ngozi kwa maji na sabuni. Ikiingia machoni, osha kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15.

Akipata degedege, mlaze ubavu, ondoa vitu vya kumuumiza, usiweke kijiko wala kidole mdomoni.

Nenda kituo cha afya kilicho karibu, hata kama anaonekana mzima. Nenda na pakiti. Pakiti hiyo inatuokolea saa nzima ya maswali.

Na tafadhali sema ukweli. Hatutakuchapa. Mzazi anayeficha kwa aibu anatupotezea muda ambao ni wa mtoto wake. Kama kuna nesi mwenzangu anayemkaripia mama mlangoni akiwa na mtoto anayetetemeka, naye nimemwandikia sentensi hii. Tuache.

SEHEMU YA 9 (ya mwisho)

Wauzaji, najua mnatafuta riziki, na wengi wenu ni wazazi. Nawaomba kitu kimoja: usiuze sumu yenye umbo la kitu ambacho mtoto anakishika shuleni kila siku. Na usiiuze kimoja kimoja bila pakiti, imefungwa kwenye gazeti. Ukiuza hivyo, umeuza chaki tu, mtoto atajuaje?

Viongozi wa mitaa na maafisa afya, hii mnaiona stendi kila siku. Kagueni. Wazazi, ulizeni namba ya usajili kila mnaponunua dawa ya wadudu, hata kama muuzaji atakucheka. Wakiulizwa na watu 50 kwa siku hawatacheka tena.

Uliyenayo nyumbani usiitupe jalalani ambako watoto wa mtaa wanaokota, usiichome, usiitupe chooni wala karibu na kisima. Ifunge kwenye mifuko miwili ya plastiki, weka juu kabisa penye kufuli, halafu muulize afisa afya wa kata yako jinsi ya kuiteketeza. Mistari sakafuni futa kwa kitambaa chenye maji na sabuni huku umevaa glavu, usifagie ikarusha unga. Kitambaa kitupe, usikirudishe jikoni.

Yule mtoto alipona. Alikaa wodini siku nne. Siku ya pili usiku aliamka, akaniuliza mabehewa yake yako wapi, na mama yake akaangalia pembeni, kwa sababu yalikuwa yameshachomwa. Yote sita. Sikupata la kumwambia. Nikaenda kwenye meza ya dawa, nikamtafutia boksi tupu safi, nikampa.

Wiki mbili baadaye alirudi kliniki kuangaliwa. Alikuwa na babu yake, na babu alikuwa na mfuko wa rambo. Ndani kulikuwa na behewa moja jipya, jeusi, lenye vumbi jekundu kwenye pembe. Ubavuni, chini kidogo, herufi tatu nyeupe ndogo zilizonyooka: MZA. Babu amemnunulia penseli nyeupe.

Nikamuuliza, na huu msalaba hapa? Akasema, "Hili bovu, lilikuwa linaumwa. Halijaunganishwa bado."

Haya, nyanyuka sasa. Angalia juu ya kabati, nyuma ya friji, chini ya sinki, na ndani ya begi la dada wa kazi maana na yeye huwa ananunua. Ukiikuta andika hapa chini "nimeitoa", nihesabu. Halafu tuma uzi huu kwenye grupu la familia, la kikoba na la wazazi wa shule. Na mtoto akikuomba chaki ya kuandikia behewa lake, mpe ya kweli.

Nesi wenu.